Ulizeni kwa Mwalimu: "Wageni walikuwa wangapi?"

Mwezi huu barua za ada, sare na matokeo nimeziweka pembeni. Zimenijia barua sita zinazogusa jambo moja, namna tunavyowafundisha watoto serikali na wajibu wa raia, na kwa kuwa kazi hiyo ndiyo iliyonilisha miaka 34, nimeona nizijibu kwa mkupuo mmoja. Kwa wasomaji wapya: nilishika chaki mwaka 1983 nikifundisha Siasa, nikaiweka chini 2017 nikifundisha Uraia. Sasa nafuga kuku na kusoma barua zenu.

*

*Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Uraia kidato cha pili, shule ya kata. Darasa lina wanafunzi 92. Wiki iliyopita niliwauliza maana ya demokrasia, wakajibu kwa Kiingereza, wote kwa pamoja, bila kukosea hata neno. Nikauliza mwenyekiti wa kijiji chao anaitwa nani. Ikanyooshwa mikono mitatu. Nikauliza kazi yake ni nini, mmoja akasema "kugonga mhuri". Nifanyeje, na upimaji wa kitaifa unakuja?*
– Mwalimu, Kahama

Marahaba, mwanangu. Huyo aliyesema "kugonga mhuri" mpe alama zake zote. Pengine ndiye pekee darasani aliyewahi kutumwa ofisini, labda kufuata barua ya utambulisho ya kaka yake, akaona kwa macho yake. Wenzake 91 wamemeza, watatema siku ya mtihani, na habari itaishia hapo.

Tunaanzia mbali mno. Mtoto wa miaka 14 tunampeleka kwanza bungeni Dodoma, kisha kwenye mihimili mitatu, kisha kwenye ngao ya taifa mpaka anajua bibi na bwana wamesimama upande gani wa zile pembe za ndovu. Serikali ya kijiji, ambayo ofisi yake iko hatua 200 kutoka darasani, tunaipa vipindi vinne. Ubaoni tunachora mistatili yenye mishale: kitongoji, kijiji, kata, halmashauri. Mtoto anakopi mistatili. Anaijua serikali yake kama anavyoujua mmeng'enyo wa chakula.

Nikueleze nilichojaribu mimi, pamoja na pale nilipoharibu.

Mwaka 2013 shule za kata zilikuwa zinasukumwa kujenga maabara. Unakumbuka, pengine ulikuwa mwanafunzi. Kijiji chetu, huku mkoani Tanga, kiliamua kila kaya itoe shilingi 10,000. Msingi ukachimbwa, ukajengwa, ukasimama hapo miezi mitano mpaka ukaota majani, na watoto wakawa wanaukalia wakati wa mapumziko wakila mihogo. Nikawaambia kidato cha tatu: leo tuache mishale. Tuifuate elfu kumi ya mzazi mmoja, tuone imelala wapi.

Nilichukua wanane tu. Waliobaki kazi yao ilikuwa maswali. Waliandika zaidi ya arobaini, wakayapigia kura, yakabaki sita. Mkuu wa shule akaandika barua kwa mtendaji wa kijiji. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, nami nimeyafuata mara tatu. (Usiwafiche watoto sehemu hiyo. Waende nawe kuulizia, waambiwe "njoo kesho", warudi kesho.)

Swali la kwanza halikugusa pesa. Liliulizwa na msichana mmoja mfupi aliyekuwa akikaa dawati la mbele: "Shikamoo Mtendaji. Leo tangu asubuhi umefanya kazi gani?" Mtendaji alicheka, akajiweka sawa kwenye kiti. Amesuluhisha ugomvi wa mbuzi aliyekula mahindi ya jirani. Amemwandikia barua mtu anayefuatilia mkopo. Amepigiwa simu kutoka kata, wanataka idadi ya vyoo kabla ya saa tisa. Watoto wanaandika. Katika mazungumzo hayo hayo wakajua kwamba yeye ameajiriwa na halmashauri ya wilaya, kwamba mwenyekiti amechaguliwa kwa kura za wazazi wao, na kwamba kwenye kikao cha kijiji yeye mtendaji ni katibu. Sentensi hiyo ilikuwamo kitabuni tangu Januari. Nilikuwa nimeshaisoma kwa sauti mara mbili.

Kisha tukaomba hesabu. Kaya 214. Zilizotoa ni 137, vishina vya stakabadhi vipo, basi ni 1,370,000. Saruji mifuko 40 kwa 14,500 kila mmoja. Mchanga lori tatu kwa 90,000. Fundi 350,000. Watoto wakajumlisha nyuma ya madaftari: 1,200,000. Imebaki 170,000. Mtendaji akavuta droo, akatoa risiti za mbao, misumari na kubebesha maji: 95,000. Zimebaki 75,000. Akavuta droo tena, akachungulia, akaifunga. Akasema hizo zilikuwa chai ya wageni waliokuja kukagua msingi.

Pakawa kimya. Halafu yule yule msichana, mikono nyuma, kwa adabu zote alizofundishwa kwao: "Wageni walikuwa wangapi?"

Katika miaka 34 sikuwa na kipindi kizuri kuliko kile, nami ndiye niliyekikatisha. Niliogopa. Nilisema muda umetutupa mkono, nikamshukuru mwenyeji wetu, nikawatoa nje watoto. Njiani hakuna aliyenisemesha. Darasani sikulirudia lile swali, wala wao hawakuniuliza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Miezi miwili baadaye mkutano mkuu wa kijiji uliketi chini ya mwembe. Mzazi mmoja, mkulima wa machungwa, alisimama akauliza lile lile, kwa maneno yale yale. Bila shaka lilimfikia wakati wa kula usiku. Mwenyekiti akajibu: wanne. Watu wanne, chai ya 75,000! Mkutano ulichangamka. Iliamuliwa pesa zirudishwe. Zilirudi 40,000.

Sasa wewe na darasa lako. Watoto 92 huwezi kuwaingiza ofisini, wala usijaribu. Chagua kitu kimoja chenye bei ambacho wanakiona kila siku: choo cha shule, kisima, madawati, kivuko. Kifuateni hicho tu mpaka mwisho wake. Wiki ya kwanza wape kazi ya nyumbani ya swali moja: mkutano mkuu wa kijiji ulikaa lini mara ya mwisho? Kwa utaratibu unatakiwa kuketi kila baada ya miezi mitatu. Andika ubaoni majibu yote waliyoyaleta. Utapata tarehe tano tofauti na "baba hajui" nyingi, na hapo kipindi kimeshaanza chenyewe, huhitaji kuchokoza mjadala. Wiki ya pili wapite kusoma ubao wa matangazo nje ya ofisi ya kijiji. Mapato na matumizi yanapaswa kuwekwa mahali mwananchi anaweza kuyasoma. Kama kuna karatasi, wainakili. Kama hakuna, waandike kwamba hakuna, na tarehe.

Waeleze pia jambo ambalo vitabu hulipita haraka: mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Pale shuleni kwako kidato cha nne mna watoto wamefikisha umri huo. Kila siku kwenye paredi tunawaita taifa la kesho, kumbe jioni wakivua sare ni wajumbe kamili, sawa na mwalimu wao.

Kuhusu upimaji, usihangaike sana. Fundisha jambo kwa Kiswahili mpaka likae, ndipo uwape maneno ya Kiingereza ya kujibia. Mtoto aliyemwona mtendaji akifunga droo hatakosa cha kuandika akiulizwa changamoto za serikali za mitaa.

Na moja la mwisho, kwa sababu wewe ni mtumishi wa umma na una watoto wa kulisha. Msimu wa kampeni usiwatoe watoto kwenda ofisi yoyote. Kaa na ubao wako, fundisha Katiba. Uchaguzi ukipita, rudi kwenye choo na kisima.

*

*Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko darasa la sita. Jumamosi alifuatana na baba yake kununua rangi duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji akasema bei bila risiti 100,000, na risiti 118,000. Baba akahesabu 100,000. Mtoto akapaza sauti mbele ya wateja: "Baba, mwalimu amesema ukinunua dai risiti!" Mume wangu amerudi amefura. Anasema shule inawafundisha watoto kuwaaibisha wazazi wao. Nimwambie nini huyo mwalimu?*
– Mama wa watatu, Morogoro

Marahaba mama. Mwalimu mpelekee salamu zangu, basi.

Hesabu yenyewe hata binti yako anaiweza. Kodi ya ongezeko la thamani huku Bara, kwa kiwango cha kawaida, ni asilimia 18. Kwenye rangi ya 100,000 inakuwa 18,000. Kwa hiyo muuzaji alimpunguzia mumeo 18,000 ambazo hazikuwa zake kupunguza. Wanaume wawili wazima wamesimama kaunta wanagawana pesa ya mtu wa tatu, na mtu wa tatu mwenyewe ndiye huyo mtoto, anayekaa darasani wanne dawati moja. Shemeji yangu atanisamehe kwa kusema hivi.

Hata hivyo ana hoja, tusimnyime. Mtoto alikuwa na haki ya kusema, na palikuwa na namna ya kusema. Angemvuta baba shati, akamnong'oneza. Hilo ni la kumfundisha nyumbani, nawe utalifanya vizuri kuliko mwalimu. Mweleze vilevile kwamba mama wa genge anayeuza mafungu ya nyanya hana mashine ya kutolea risiti wala hadaiwi kuwa nayo. Nimewahi kumwona mtoto akimtoa jasho muuza vitumbua.

Ila ninalotaka kumwambia mwalimu wake, kama anasoma hapa, ni kwamba amefundisha nusu. Amemfundisha mtoto kudai risiti; hajamfundisha kuuliza ile 18,000 ikishakusanywa inakwenda wapi. Mtoto aliyefundishwa nusu ya kwanza peke yake anakuwa mgambo mdogo wa kodi, na wazazi wana haki ya kumchoka. Shule za msingi za serikali hazitozi ada. Zinapewa ruzuku, na ruzuku hiyo inatoka kwenye risiti kama hizo. Imeingia kiasi gani muhula huu pale shuleni kwa binti yako? Imenunua nini? Chaki? Karatasi za mitihani? Kufuli la stoo? Mwalimu angeweza kuyaandika hayo ubaoni kwa kibali cha mwalimu mkuu, watoto wakajumlisha wenyewe, na siku hiyo hesabu na uraia vikasomwa kwa kipindi kimoja.

Na wewe mama, usikae pembeni ukanitumia barua tu. Shule ina kamati, na kamati ina wazazi, na taarifa ya mapato na matumizi husomwa kwenye mkutano wa wazazi. Ule wa mwisho ulikwenda, au ulimtuma dada wa kazi akusainie mahudhurio?

*

*Shikamoo Bibi Mwalimu. Niko kidato cha tano, shule ya bweni. Tulipiga kura kuchagua kaka mkuu. Wa kwanza alipata 311, wa pili 140. Jioni mwalimu wa nidhamu akamtangaza wa pili, akasema yule wa kwanza "ana mdomo". Wiki iliyofuata kwenye GS (General Studies, somo la maarifa ya jumla) tukafundishwa sifa za uchaguzi huru na wa haki. Darasa zima tulikuwa tunaangaliana. Wenzangu wanataka tugome kula. Tufanye nini?*
– Mwanafunzi, Mbeya

Marahaba mjukuu wangu. Msigome. Nimeona migomo ya chakula mingi, na yote hufuata njia moja: siku ya kwanza hoja ni kura, siku ya pili hoja ni ugali uliomwagwa, siku ya tatu mko stendi na masanduku yenu mkisubiri basi, na hakuna anayekumbuka 311. Walimu wanasubiri hasa mkosee hivyo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mimi nilimfanyia mtoto mwingine jambo hilo hilo.

Ilikuwa 1996. Nchi ilikuwa imetoka kwenye uchaguzi mkuu wa Oktoba 1995, wa kwanza tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, na watoto walikuwa wamewaka moto. Kila mgombea shuleni ana sera. Mmoja, kijana mrefu wa kidato cha tatu, kandambili zimefungwa waya, alisimama jukwaani akasema sera yake ni moja: maharage yasiyo na mawe. Bwalo likalipuka. Alieleza mpaka namna: kila bweni litoe watu wawili Jumamosi, wachambue gunia kabla halijaingia jikoni. Alishinda kwa mbali. Ofisini tukakaa walimu saba. Mmoja akasema, "Huyu atatuletea siasa." Mwingine akasema leo maharage, kesho atauliza bei ya gunia. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Niliandika jina la aliyeshika nafasi ya pili, mtoto mpole wa mchungaji, nikalisoma paredi asubuhi.

Mwezi uliofuata nafundisha uchaguzi. Natoka jasho ubaoni nikiandika: kura ya siri, kuhesabu hadharani, matokeo kuheshimiwa. Kijana akanyoosha mkono. "Mwalimu, na ule wa kwetu?" Nilimpa adhabu ya kumwagilia maua ya ofisi wiki mbili, kwa kosa la kuvuruga kipindi. Aliyamwagilia vizuri, hakuruka hata siku moja. Leo ana duka la vipuri mjini, akiniona huniamkia kwa heshima kubwa na kunitafutia kiti. Mimi nikimwona naona ndoo ya maji. Na maharage yaliendelea kuwa na mawe mpaka naondoka pale.

Kwa hiyo sikilizeni. Andikeni barua moja, fupi, isiyo na tusi wala kejeli, kwa mkuu wa shule, ipitie kwa mwalimu mlezi wa serikali ya wanafunzi. Msiombe mwalimu wa nidhamu aadhibiwe. Mkiomba hilo walimu wote watasimama upande wake, ndivyo tulivyo. Ombeni mambo mawili. La kwanza, aliyeshinda aelezwe kosa lake naye apewe nafasi ya kujibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika uamuzi unaogusa ustawi wake, na wenzenu waliokwishapita miaka 18 wana Ibara ya 21 ya Katiba inayosema karibu hayo hayo kwa kila raia. Zitajeni kwa upole, mara moja tu. La pili, kanuni za uchaguzi ujao ziandikwe na kubandikwa kabla ya majina kuchukuliwa: nani anaruhusiwa kugombea, nani anachuja, kura zinahesabiwa wapi. Nakala ya barua mbaki nayo, na tarehe iliyopokelewa. Mkuu asipojibu, shule ina bodi.

Pengine hamtampata kaka mkuu wenu. Nasema kweli, sitaki kukudanganya. Lakini kanuni zilizobandikwa ukutani zitawakuta wadogo zenu, na mwalimu wa nidhamu wa mwaka kesho atazipita kila siku akienda ofisini.

Wakuu wa shule mnaosoma: kuchuja wagombea kabla ya kura mnaruhusiwa, tena ni busara, mtoto anayeuza bangi bwenini asigombee. Kama kaka mkuu mnataka kumteua wenyewe, mteueni mchana kweupe mseme mmemteua. Mkishawapa watoto masanduku ya kura, mmekwisha.

*

*Mwalimu, nasikia Uraia inafutwa, inaingizwa kwenye Historia ya Tanzania na Maadili. Watoto watapoteza?*
– Baba, Singida

Majina nimeyazoea. Siasa ilikuwa Siasa, vyama vingi vilipokuja ikawa Uraia, shule za msingi ikawa Uraia na Maadili, na mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeleta hilo unalolitaja. Linafundishwa kwa Kiswahili hata sekondari, na kwa hilo mimi peke yangu nawapigia makofi. Hofu yangu iko kwenye neno la mwisho. Maadili yana tabia ya kumeza kila kitu kilicho karibu nayo. Kuchana nywele, kuamkia wakubwa na kutotafuna bigijii ni mambo mema, ila hayamwambii mtoto halmashauri inapitisha bajeti lini. Muulize mwanao amesoma nini Ijumaa. Ukiona wiki tatu mfululizo ni usafi na heshima, nenda ukaongee na mwalimu wake.

*

*Assalaam alaykum Mwalimu. Nasomesha sekondari Pemba. Vitabu vinatuelezea kijiji, mtaa, mwenyekiti wa kitongoji. Kwetu ni shehia na sheha. Wanafunzi wananiuliza mwenyekiti wetu yuko wapi.*
– Mwalimu, Wete

Wa alaykum salaam, mwalimu mwenzangu. Wamekuuliza swali zuri kuliko kitabu. Serikali za mitaa si jambo la Muungano. Zanzibar mna zenu na Bara tuna zetu, na waandishi wengi wa vitabu wako upande huu wa maji. Jaribu hivi. Weka karatasi tano mezani: Rais wa Jamhuri ya Muungano, Rais wa Zanzibar, mbunge, mwakilishi, diwani. Hizo ndizo kura anazopiga Mzanzibari siku ya uchaguzi mkuu. Mwenzake wa Bara anapiga tatu. Kila karatasi mtoto aipeleke inakokwenda: mbunge Dodoma, mwakilishi Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, diwani kwenye wadi yake. Halafu waulize karatasi ya sheha iko wapi. Watatafuta. Haipo, kwa kuwa sheha anateuliwa na mkuu wa mkoa. Hapo nyamaza kidogo uwaache wao wenyewe waulize: na akikosea, anaondolewa na nani? Sheha na mwenyekiti wa kijiji wanakaa karibu mno na mwananchi, wote wanaandika barua ya utambulisho, ila mmoja ametoka juu na mwingine ametoka chini, na watoto wa Pemba wanaweza kuwafundisha wa Tanga tofauti hiyo.

*

*Heshima yako Mwalimu. Mimi ni mtendaji wa kijiji. Siku hizi walimu mnatuletea watoto kutukagua. Nina vitongoji vitano, sina pikipiki, karatasi nanunua mwenyewe. Mtoto wa kidato cha pili anakuja kuniuliza mapato na matumizi! Hiyo si kazi ya mkaguzi?*
– Mtendaji, Dodoma

Heshima kwako pia, mwanangu, na pole na kazi. Vitongoji vitano kwa mguu si mchezo, na najua lawama za kijiji kizima zinamalizikia mezani kwako hata kwa mambo yaliyoamuliwa mbali na wewe.

Mkaguzi ana kazi yake, lakini Katiba, Ibara ya 27, haikumtaja mkaguzi peke yake; inamtaka kila mtu atunze mali ya pamoja na kupiga vita ubadhirifu. Mtoto hakuja kukukagua. Amekuja kuona kitabu chake kinafanana na nini. Mpe kigoda akae. Mwonyeshe daftari la stakabadhi, mweleze kwa nini kuna kishina na kwa nini usichane kipande chake. Mwambie na hilo la pikipiki, mwambie karatasi unanunua mwenyewe. Hakuna mtu mwingine atakayemwambia, na akilifikisha nyumbani wakati wa kula, mkutano ujao unaweza kupata mtu wa kukusemea.

Wasipokupata ofisini, watausoma ubao wa matangazo. Wa kwako karatasi ya mwisho iliyobandikwa ina tarehe ya lini? Niandikie.